Mgongo na kuinama: yanayoaminiwa Busia na Tororo, na yanayothibitishwa na utafiti

Msimu wa palizi ukifika katika mashamba yaliyo pande mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, kuanzia Bunyala na Samia karibu na Ziwa Victoria hadi Malaba na Tororo, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na watu walioinama. Mama hupanua miguu kidogo, huinama kutoka nyongani mgongo ukalala kama meza, na jembe likaanza kwenda mbele na kurudi. Hukaa hivyo kwa saa kadhaa. Mchana huohuo, mjini Busia, vijana hupokea magunia ya mahindi mabegani kutoka kwenye malori na kuyapeleka ghalani mbiombio, kwa maana ujira wao huhesabiwa kwa gunia.

Jioni wote wawili hushika kiuno. Mama ataambiwa kuwa ni uchovu wa kawaida, afunge leso kwa nguvu alale. Kijana ataambiwa kuwa figo zimechoka, akanunue sindano. Na yeyote kati yao akifika kwenye semina ya usalama kazini, ataelezwa kwamba kosa ni lake: hakukunja magoti wala hakunyosha mgongo.

Makala hii inazipima imani hizo moja baada ya nyingine. Zipo zenye ukweli ndani yake, zipo zisizo na madhara, na zipo zinazomchelewesha mgonjwa kupata tiba.

Mpaka unaobebwa na migongo

Busia ni mji mmoja uliogawanywa na mpaka. Upande wa magharibi ni Wilaya ya Busia ya Uganda, iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Upande wa mashariki ni Kaunti ya Busia ya Kenya. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili, wakipakana na Wakhayo na Wamarachi nchini Kenya, na Wagwe, Wanyole na Japadhola nchini Uganda. Kaskazini kidogo ni Malaba, ambako malori yanayotoka Mombasa huingia Wilaya ya Tororo.

Uchumi wa eneo hili umeegemea kubeba na kuinama kwa muda mrefu. Jina boda boda, linalotumika leo Afrika Mashariki nzima, lilianzia hapa katika miaka ya 1960 na 1970, pale waendesha baiskeli walipowavusha abiria na mizigo yao kutoka kizuizi cha nchi moja hadi kizuizi cha nchi ya pili. Kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wamevusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazosukumwa na wasaidizi. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Busia mwezi Februari 2018, nacho kimepunguza muda wa malori kusubiri. Hata hivyo mfanyabiashara mdogo, ambaye aghalabu ni mwanamke, bado huvuka na mzigo wake kichwani au mgongoni.

Kilimo nacho kina sura hiyohiyo. Plau ya kukokotwa na ng'ombe iliingia nchi ya Teso mwanzoni mwa karne ya 20, na ng'ombe wakawapunguzia watu kazi ya kulima. Lakini plau haipalilii, haipandikizi mpunga katika mabonde ya Bunyala, wala haivuni wimbi. Kazi hizo zimebaki kwa mikono, na zote hufanywa kwa kuinama. Vivyo hivyo kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Tiira, wilayani Busia, ambao husafisha udongo kwa maji huku wameinamia karai.

Mgongo unapoinama

Sehemu ya chini ya mgongo ina pingili tano kubwa. Kati ya pingili na pingili kuna diski, yaani kisahani kigumu pembeni na laini katikati, kinachopokea uzito na kuruhusu mwili kupinda. Nyuma ya pingili hupita misuli mirefu na kano zinazouzuia mwili usianguke mbele.

Mtu akiinama, kiwiliwili chake, kichwa na mikono, ambavyo kwa pamoja ni zaidi ya nusu ya uzito wa mwili, husogea mbele ya pingili hizo. Misuli inayovizuia iko sentimita chache tu nyuma ya pingili. Ni kama mizani yenye mkono mrefu upande mmoja na mfupi upande wa pili: upande mfupi hulazimika kuvuta kwa nguvu nyingi zaidi. Ndiyo maana mzigo ulio mbali na tumbo huwa mzito mno kwa mgongo kuliko mzigo uleule uliokumbatiwa.

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ulm, Ujerumani, waliingiza kipimo ndani ya diski ya mtu mmoja aliyejitolea, wakasoma shinikizo akiwa katika mikao mbalimbali. Aliposimama tu, shinikizo lilikuwa megapaskali 0.5. Alipoinua kreti ya kilo 20 kwa mgongo uliopinda, lilifika 2.3. Alipoinua kreti hiyohiyo kwa kukunja magoti, lilikuwa 1.7. Alipoishika karibu na kifua, lilishuka hadi 1.1. Kipimo cha mtu mmoja hakiwezi kuwa sheria kwa watu wote, lakini kinaonyesha kuwa umbali wa mzigo kutoka mwilini una uzito mkubwa katika jambo hili.

Kuna jambo la pili ambalo wapaliliaji hulijua bila kufundishwa. Mtu akiinama hadi mwisho, misuli ya mgongo hupumzika, na mwili huning'inia kwenye kano. Ndiyo sababu mtu huweza kukaa hivyo muda mrefu. Lakini kano zilizovutwa kwa muda mrefu hulegea, na hazirudi katika hali yake mara moja. Hapo ndipo mtu hunyanyuka taratibu akiwa ameweka mikono kiunoni, na kwa dakika kadhaa mgongo wake huwa haujawa tayari kwa mzigo mzito.

Imani ya kwanza: anayesimama wima shambani ni mvivu

Katika imani zote, hii ndiyo yenye gharama kubwa. Mwaka 1998 Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD) yalichapisha utafiti kuhusu zana za wanawake wakulima katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo. Jembe la mpini mrefu lingewawezesha wanawake kufanya kazi bila kuinama sana, lakini watafiti walikuta mahali pengine likikataliwa kwa hoja kwamba mwanamke anayelima akiwa amesimama anaonekana mvivu. Aliyeinama ndiye aliyehesabiwa kuwa mchapakazi.

Si Afrika peke yake iliyofikiri hivyo. Katika mashamba ya mboga ya California, Marekani, vibarua ambao wengi wao walikuwa na asili ya Meksiko walilazimishwa kutumia jembe la mpini mfupi sana, walilolipa jina la "el cortito", yaani fupi. Wenye mashamba walidai kuwa mpini mfupi humfanya kibarua awe mwangalifu. Vibarua walieleza sababu nyingine: msimamizi akitupa jicho shambani, humtambua mara moja aliyenyoosha mgongo. Madaktari walitoa ushahidi juu ya migongo iliyoharibika, na mwaka 1975 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ikatoa uamuzi uliofungua njia ya kupigwa marufuku kwa jembe hilo. Mboga ziliendelea kustawi.

Mpini mrefu una mipaka yake. Jembe la kwetu lina bapa lililoinamia mpini, na mpini mrefu bila kubadili pembe ya bapa humfanya mtu apige ardhi vibaya. Mimea ikiwa imesongamana, kama wimbi lililomwagwa bila mistari, mpaliliaji hulazimika kuisogelea ili asing'oe mazao. Kwa hiyo mpini mrefu hufaa zaidi pale mazao yalipopandwa kwa mistari. Hata hivyo mpini si kitu cha kununuliwa ng'ambo. Katika vijiji vyetu bapa hununuliwa dukani, na mpini hukatwa porini kwa urefu anaoutaka mwenyewe. Kinachokosekana mara nyingi ni ruhusa ya kijamii.

Imani ya pili: mama wa Kiafrika huinama kama meza, kwa hiyo haumwi

Imani hii imetoka mbali na kuturudia. Katika miaka ya karibuni waandishi na walimu wa mazoezi wa Ulaya na Marekani wamesifu namna wanawake wa Afrika wanavyoinama kutoka nyongani huku mgongo ukiwa umenyooka. Esther Gokhale wa California ameandika kitabu kilichotoka mwaka 2008, akitumia mfano wa jamii za mashambani katika nchi mbalimbali kufundisha mikao inayodhaniwa kuulinda mgongo.

Kuna ukweli ndani yake. Kuinama kutoka nyongani huwapa kazi misuli mikubwa ya mapaja na makalio, na pingili hupinda kidogo kuliko mtu anapojikunja kiunoni. Kwa kazi nyepesi ya chini, kama kuokota maharage au kufagia uani, ni namna nzuri.

Lakini hitimisho kwamba mwanamke huyo haumwi mgongo halina msingi. Mwaka 2007 watafiti wa Afrika Kusini walikusanya tafiti 27 kutoka nchi za Afrika, wakakadiria kwamba wastani wa watu wazima 62 kati ya 100 waliwahi kuumwa sehemu ya chini ya mgongo maishani. Walihitimisha kuwa dhana ya kwamba Waafrika huumwa mgongo kwa nadra haikuungwa mkono na takwimu. Sehemu kubwa ya tafiti hizo ilitoka Afrika Kusini na Nigeria, lakini funzo lake linafika Busia: anayeinama kwa ufundi naye huumia akikosa mapumziko. Sifa za namna hii, japo zimekusudiwa kuwa heshima, zina hatari ya kuwaambia viongozi na waume kwamba hakuna tatizo la kushughulikia.

Imani ya tatu: nyosha mgongo, kunja magoti, hutaumia kamwe

Hii ndiyo imani ya ofisi na viwanda, na hubandikwa ukutani kwa michoro. Ingawa kanuni za mizani tulizozieleza zinaipa nguvu, majaribio ya kuifundisha yamevunja moyo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 na mtandao wa Cochrane hayakuona ushahidi kwamba kuwafundisha wafanyakazi namna ya kuinua mizigo huwapunguzia maumivu ya mgongo. Mwaka 2020 watafiti wa Australia walipitia tafiti zilizolinganisha waliopinda mgongo na waliounyoosha wakati wa kuinua mizigo, nao hawakukuta uhusiano wa wazi kati ya kupinda huko na maumivu.

Haina maana kwamba mtu anyanyue gunia atakavyo. Maana yake ni kwamba mafunzo ya mkao hayawezi kufidia mzigo uliopita kiasi. Shirika la Kazi Duniani (ILO), katika Pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa upeo wa mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja mzima, na kusema kuwa wa mwanamke uwe mdogo zaidi. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, huanzia kilo 23 tu mazingira yakiwa bora kabisa, kisha hupunguza kadiri mzigo unavyokuwa mbali, chini mno, au wa kurudiwarudiwa. Sasa tazama mizigo yetu. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Gunia la mahindi kwa desturi ya Kenya ni kilo 90, na upande wa Uganda gunia la kilo 100 si jambo geni. Hakuna namna ya kukunja magoti itakayoligeuza gunia hilo kuwa mzigo wa mtu mmoja.

Vivyo hivyo kwa amri ya "keti wima". Katika kipimo kile cha Ulm, kuketi kwa kulegea kulikuwa na shinikizo dogo kuliko kuketi wima bila kuegemea. Muuzaji wa nyanya anayeketi kwenye kigoda tangu asubuhi hana haja ya kujikaza kama askari gwarideni. Anachohitaji ni kubadili mkao na kusimama mara kwa mara.

Imani ya nne: kubeba kichwani hunyoosha mgongo

Kubeba kichwani kuna sifa iliyothibitishwa. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu. Wanawake hao waliweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Wataalamu walistaajabu.

Lakini asilimia 20 ya mwanamke wa kilo 60 ni kilo 12 tu. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una kilo 20 na zaidi. Na kuokoa nguvu si sawa na kuokoa pingili, kwani uzito wote hushuka kupitia shingo. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini, Ghana na Vietnam, uliochapishwa mwaka 2018, ulihusisha kubeba maji na maumivu ya mwili, yakiwemo ya sehemu ya juu ya mgongo. Ngata nzuri kichwani husaidia kutuliza mzigo. Mtungi wa lita 10, kisima kilicho karibu au mkokoteni husaidia zaidi. Hatari nyingine iko katika kuutwika na kuutua, kwa hiyo ni busara kumwita mwenzako badala ya kuuinua peke yako kutoka chini.

Imani ya tano: funga kiuno, lala, choma sindano

Kufunga leso kiunoni hutuliza, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni, na kwa muda mfupi hakuna ubaya. Lakini Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo, halipendekezi mikanda ya kiuno kuwa tiba kwa wagonjwa wengi. Halipendekezi pia dawa za maumivu za jamii ya afyuni, ambamo tramadoli imo.

Kulala kitandani kwa siku nyingi ni imani iliyokuwa ya madaktari wenyewe. Mwaka 1995 watafiti wa Finland waliwalinganisha wagonjwa waliopumzika kitandani siku mbili, waliopewa mazoezi maalumu, na walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza. Waliopona haraka zaidi ni wale walioendelea na shughuli. Mgongo unaouma bila dalili za hatari unahitaji kazi nyepesi na kutembea, hata kama kuna maumivu kiasi.

Sindano ndiyo yenye hatari kubwa. Katika maduka ya dawa si vigumu kupata diklofenaki kwa mtu anayeshika kiuno. Dawa hiyo hutuliza maumivu kweli, na ina nafasi yake kwa siku chache. Ikitumiwa mfululizo huweza kuchubua tumbo hadi damu kutoka, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Hapa pana kinyume cha kusikitisha: mtu anayeamini kwamba mgongo wake unauma kwa sababu ya figo, huzidhuru figo hizo kwa dawa aliyoinunua kuzitibu.

Imani ya sita: ni figo, au ni ile sindano ya uzazi

WHO inakadiria kuwa watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020, na kwamba watafika milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Kwa takriban tisa kati ya kumi, hakuna ugonjwa mahususi unaoonekana kuwa chanzo. Figo zinaweza kuuma, lakini maumivu yake huwa ubavuni chini ya mbavu, mara nyingi yakiambatana na homa, kichefuchefu au mkojo wenye damu. Maumivu yanayoanza baada ya palizi na kuongezeka mtu anapoinama kwa kawaida si ya figo.

Imani nyingine husikika sana miongoni mwa kina mama waliojifungua kwa upasuaji: kwamba sindano ya ganzi iliyochomwa mgongoni ndiyo iliyowaachia maumivu ya miaka. Ni kweli kwamba mahali palipochomwa huweza kuuma kwa siku chache. Lakini tafiti zilizowalinganisha wanawake waliochomwa sindano ya kupunguza uchungu mgongoni wakati wa kujifungua na wasiochomwa hazikuona tofauti ya maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Ujauzito wenyewe, kulegea kwa kano, kumwinamia mtoto na kurudi shambani mapema ni sababu za kutosha. Imani hii ina hatari yake, kwani huweza kumfanya mama akatae upasuaji unaohitajika kumwokoa yeye na mtoto.

Wakati ambapo mgongo si wa kusubiri

Maumivu mengi hupungua ndani ya wiki chache. Lakini katika eneo letu kuna magonjwa yanayojificha nyuma ya maumivu ya mgongo, nayo hayaponi kwa leso wala kwa mazoezi.

Kifua kikuu cha uti wa mgongo huanza polepole, kwa maumivu yasiyoisha hata usiku, kupungua uzito na kutokwa jasho. Kikichelewa hupinda mgongo na huweza kupoozesha miguu. Kikigunduliwa mapema hutibika kwa dawa. Watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wako katika hatari zaidi. Brusela, inayopatikana kwa kunywa maziwa mabichi au kuwahudumia mifugo wanaozaa, huleta homa za kuja na kuondoka na maumivu ya kiuno, na ni jambo la kukumbukwa katika nyumba za wafugaji. Watoto wenye ugonjwa wa selimundu huweza kupata maumivu makali ya mgongo. Na maumivu ya mwili mzima yenye homa huenda yakawa malaria, ambayo Tororo inaifahamu vyema: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba mkazi wa huko angeumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka.

Nenda hospitali bila kuchelewa ukiona moja ya haya:

- Miguu kukosa nguvu au kufa ganzi.
- Ganzi katika sehemu za siri na makalio, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo na choo. Hii ni dharura ya siku hiyohiyo.
- Homa, kupungua uzito, au maumivu yanayozidi usiku.
- Maumivu baada ya kuanguka kutoka juu ya mti, lori au boda boda.
- Maumivu mapya kwa mtoto, kwa mzee, au kwa aliyewahi kuugua saratani.
- Uvimbe au nundu mpya kwenye uti wa mgongo.

Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia upande wa Kenya, na Hospitali ya Masafu na Hospitali Kuu ya Tororo upande wa Uganda, ni miongoni mwa mahali pa kuanzia.

Yanayosaidia

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 na watafiti wa Australia yalionyesha kuwa mazoezi pamoja na elimu yalipunguza uwezekano wa kuumwa mgongo kwa takriban asilimia 45, ilhali mikanda ya kiuno haikuonyesha kinga. Huenda mkulima akauliza: mazoezi gani tena kwa mtu aliyelima tangu alfajiri? Jibu ni kwamba mwili wake umepata kazi nyingi ya aina moja. Unahitaji mwendo wa aina nyingine.

Shambani, badili kazi kabla mgongo haujalalamika. Kila baada ya nusu saa hivi simama, weka mikono kiunoni, jinyooshe nyuma mara tano au sita, kisha tembea hatua chache. Palilia ukiwa umeinama kwa muda, kisha endelea ukiwa umepiga goti moja. Ukimaliza palizi usikimbilie kutwika kuni au mtungi. Tembea kwanza, mgongo urudi katika hali yake. Panda kwa mistari, kisha jaribu mpini mrefu katika mstari mmoja kabla ya kuukataa.

Sokoni na mpakani, gawanya mzigo. Magunia mawili ya kilo 45 ni afadhali kuliko moja la kilo 90, hata kama safari ni mbili. Inueni wawili. Kumbatia mzigo, geuka kwa miguu badala ya kuzungusha kiuno, na anzia kwenye meza au jukwaa la lori badala ya sakafu kila inapowezekana. Vyama vya wapakuzi vinaweza kudai bei kwa kilo badala ya bei kwa gunia, ili mfuko mdogo usiwe hasara kwa anayeubeba.

Nyumbani, inua jiko na karai la kufulia juu ya matofali au meza. Mwenye maumivu na apewe kazi nyepesi, wala asiambiwe kwamba mgongo wake umevunjika au kwamba hatainama tena. Hofu ya kuinama nayo humfanya mtu ajikaze, na mwili usiotumika hudhoofika.

Kuinama kwenyewe si adui wa mgongo. Mwili uliumbwa kuinama na kuinuka. Kinachouchosha mgongo wa mpakani ni kuinama bila kuinuka na mzigo usio na kipimo, na mara nyingi hayo huamuliwa na mtu mwingine asiye na jembe mkononi wala gunia begani. Familia itakayomwona mama amesimama katikati ya shamba, ameshika kiuno na kunyoosha mgongo, na isimwite mvivu, itakuwa imempa sehemu ya tiba isiyouzwa dukani.